Kisima cha Kiambo na Milango Miwili ya Ramani

Kwenye kipindi cha mwezi uliopita nilisema, kwa kupitia tu, kwamba kisima kimoja cha Pemba kilinila wiki tano. Tukacheka, tukaendelea na mada nyengine. Lakini meseji zilizokuja baada ya hapo zilikuwa nyingi kuliko za mada yenyewe: kisima gani, na neno la siri limeingiaje kwenye habari ya kisima? Basi nimekaa nayaandika, maana kwa mdomo yatachukua saa nzima, na mwenzangu wa kipindi hana subira hiyo.

Habari ilianza kwa simu ya Baba, Jumapili baada ya Alasiri. Baba anakaa dakika kumi kutoka kwangu hapa Milton Keynes, lakini mambo mazito huyasema kwa simu, sijui kwa nini. Akaniambia Ami amepiga kutoka Wete. Kijana mmoja wa ukoo anataka kujenga kwenye kiambo chetu cha zamani, na hakuna aliyebaki pale anayejua kwa uhakika makaburi yalipo. Mawe ya kichwani na miguuni yameshazama, mengine yamechukuliwa. Baba aliondoka ana miaka kumi na tisa. Anachokumbuka ni kitu kimoja: kaburi la bibi yake liko hatua arobaini kutoka kisimani, upande wa kibla. Na kwa Pemba kibla ni kaskazini karibu sawasawa, kwa sababu Makka na Pemba zimo takriban kwenye longitudo moja. Ukipata kisima umepata kaburi. Tatizo ni kwamba kisima nacho kimeshaliwa na mwitu.

"Si ndiyo kazi yako hiyo, ramani?" akasema. "Basi nitafutie kisima."

Ndiyo kazi yangu kweli. Niko ofisi ya mipango ya halmashauri moja, na siku nzima nakaa mbele ya QGIS nachora mipaka ya viwanja vya watu nisiowajua. Nikamwambia, Baba, nipe siku mbili.

Nilianza kwa kilicho rahisi. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha Unguja na Pemba yote kwa droni, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwemo kwenye kazi ile, wanazirusha wenyewe. Picha nyingi zikawekwa wazi kwenye OpenAerialMap. Unafungua, unachukua, hakuna anayekuuliza jina. Nikaiona Pemba kwa ukali ambao sijawahi kuuona hata nikiwa nimesimama pale pale: mapaa ya mabati, majamvi ya karafuu yameanikwa uani, kivuli cha mnazi mmoja mmoja. Kiambo chetu nikakipata pia. Kilikuwa vichwa vya miembe vilivyoshikana, kijani juu ya kijani. Droni huona juu ya mti, haioni chini yake.

Kwa hiyo nilihitaji ramani ya zamani, ya wakati kisima bado kinachotwa maji na mpimaji akaweka alama yake. Na ramani hiyo ipo. Taasisi moja hapa Uingereza, ambayo sitaitaja, ina shiti za ramani za wapimaji wa Kiingereza zilizoskaniwa na kuwekwa kwenye katalogi ya intaneti. Nikajaza fomu, nikapewa akaunti, nikaingia kwa brauza, nikaona orodha. Shiti yetu imo! Kwa brauza, lakini, unaonyeshwa kijipicha cha ukubwa wa stempu. Ukiitaka yenyewe, uiweke juu ya picha ya droni na kupima hatua arobaini, lazima programu ya ramani iunganishwe moja kwa moja na katalogi ile. Nikaandika anwani ndani ya QGIS, jina langu, neno la siri. Nikajibiwa kwa kosa ambalo halina maana kwa binadamu: programu inalalamika kwamba ilichopokea si kile ilichotegemea.

Nilipokwama hapo ndipo nikaanza kusoma, kama kawaida yangu, mambo ambayo sikuyahitaji ili kutatua tatizo.

Kufuli la ramani ni la kale sana, na sisi watu wa pwani tumo ndani ya habari yake tangu mwanzo. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapata rubani wa kumvusha bahari, na Mei akawa Calicut. Alichokipata rubani yule kwa miaka ya kusafiri na kuziangalia nyota, Wareno walikwenda kukichora kwenye ngozi na kukifungia. Lisbon kulikuwa na ramani kuu ya mfalme, Padrão Real. Nahodha alipewa nakala anapotoka, na akirudi anarudisha, pamoja na kueleza alichokiona ili ramani kuu isahihishwe. Ukiitazama kwa macho ya kazi yangu, hiyo ni seva. Data iko mahali pamoja, watumiaji wanajulikana kwa majina, ruhusa ina mwisho.

Na kama ilivyo kwa kila seva, siri ilivuja kwa mtu na kufuli halikuguswa. Mwaka 1502 Alberto Cantino, wakala wa Duke wa Ferrara, alimlipa mchoraji asiyejulikana jina dukati kumi na mbili za dhahabu, akapata nakala, akaitorosha hadi Italia. Ipo Modena mpaka leo. Ukanda wetu wa pwani umo ndani yake, umechorwa miaka minne tu baada ya meli zile kupita. Wanasimulia kwamba karne ya 19 ilipotea kwenye vurugu na ikaja kukutwa kwenye duka la nyama, imefanywa pazia. Mie habari ile ya duka la nyama naipenda kuliko zote. Ramani iliyolindwa kwa sheria ya mfalme ikaishia kuzuia nzi.

Waingereza walifanya kinyume kidogo. Miaka ya 1820 Kapteni William Owen alizunguka pwani yetu na meli za Leven na Barracouta akipima vina vya maji, na mabaharia wake wakafa kwa homa kwa wingi wa kutisha. (Ni Owen huyu huyu aliyepandisha bendera ya Uingereza Mombasa mwaka 1824 bila ya kutumwa, lakini hiyo ni mada ya kipindi kizima.) Miaka hiyo hiyo ofisi ya ramani za bahari ya London ilianza kuziuza chati zake kwa yeyote mwenye pesa. Chati ya bahari ikiwa siri meli zinazama, na zinazozama ni pamoja na zako.

Ramani za nchi kavu zilikuwa jambo jengine. Mwaka 1946 ilianzishwa idara ya upimaji wa makoloni chini ya Brigedia Martin Hotine, mtu aliyekuwa amepima Tanganyika kwa miguu miaka ya 1930. Ndege za kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Uingereza zikapita juu ya Afrika zikipiga picha, na picha zikageuzwa ramani huko Tolworth, kusini-magharibi ya London. Mwaka 1957 neno "makoloni" likaondolewa kwenye jina, ikawa idara ya upimaji wa ng'ambo, na mwaka 1984 ikaingizwa ndani ya Ordnance Survey. Fikiria hilo lakini. Mtu anaweza kuchorewa kisima chake na asiione ile ramani maisha yake yote, kisha mjukuu wa mwanawe akaenda kuomba akaunti Uingereza ili akione. Sisemi kwa hasira. Wakutubi wa taasisi ile walinisaidia sana, kama mtakavyoona. Nasema tu kwamba nilipokuwa najaza ile sehemu ya fomu isemayo "sababu ya kuomba", niliandika "utafiti wa kifamilia", nikaifuta, nikaandika "kaburi".

Turudi kwenye kompyuta. Wavuti ulipoanza hakukuwa na mlango. Mwaka 1993 maabara ya Xerox kule California iliweka ramani ya dunia ambayo yeyote aliweza kuibofya ikachorwa upya. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la Open GIS, ambalo sasa linaitwa OGC, kwa kusudi moja: programu za kampuni mbali mbali ziweze kuzungumza. Aprili 2000 wakatoa kiwango cha WMS. Kinafanya kazi kama mteja na muuza duka. Programu inauliza kwanza, "una nini?", seva inajibu kwa orodha. Kisha programu inasema, "nipe kipande hiki, ukubwa huu," na inapewa picha. Ndiyo basi. Uzuri wake ni huo usahili, na kwa sababu hiyo umedumu.

Lakini suala la "wewe ni nani?" waliokiandika hawakulishughulikia. Waliliacha kwa itifaki ya wavuti yenyewe, wakaona hilo si letu. Na wavuti wakati ule ulikuwa na njia moja ya kawaida, ile iliyoandikwa mwaka 1996 pamoja na HTTP 1.0: jina na neno la siri vinaunganishwa, vinageuzwa herufi kwa utaratibu unaoitwa Base64, vinatumwa. Base64 si fumbo. Ni kama kuandika barua kwa herufi za Kiarabu ukidhani hakuna mtu mtaani anayezisoma. Usalama wote hapo unategemea bomba linalopitisha ujumbe liwe limefungwa, na miaka ile mabomba mengi yalikuwa wazi.

Katalogi zina ukoo tofauti, na hili lilinishangaza. Ramani zilitoka kwa wapimaji na wanajeshi, ila katalogi za ramani zimetoka kwa wakutubi. Kabla ya wavuti, maktaba zilikuwa na itifaki yao ya kutafutiana vitabu, Z39.50, na OGC walipotaka njia ya kutafuta data walianza kwa kuichukua hiyo. Baadaye wakaipeleka kwenye wavuti ikawa CSW, na toleo la 2.0.2 la mwaka 2007 ndilo utakaloliona mpaka leo karibu kila mahali. Hata jina la kadi zake, Dublin Core, halihusiani na Ireland. Ni Dublin ya Ohio, Marekani, ambako wakutubi na watu wa kompyuta walikutana mwaka 1995. Roma nako, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza mwaka 2001 kutengeneza GeoNetwork, programu ya katalogi iliyo huru, kwa sababu lilikuwa na data za nchi zetu zimetapakaa kwenye makabati ya idara tofauti na hakuna aliyejua mwenzake ana nini. Ulaya ikatoa amri yake ya INSPIRE mwaka 2007, kila nchi iorodheshe data zake za ardhi, na katalogi zikachipuka kama uyoga.

Mkutubi anataka kadi ionekane na wote, hata kama kitabu kimefungiwa. Mpimaji anataka ajue nani amechukua shiti. Weka watu hao wawili kwenye jengo moja, utapata milango miwili: mlango wa kutafuta na mlango wa kuchukua, kila mmoja na mlinzi wake, na walinzi hawasalimiani. Hiyo ndiyo habari yangu yote ya wiki tano, lakini wakati ule sikuijua.

Kosa langu la kwanza halikuwa hata kwenye milango hiyo. Lilikuwa getini. Akaunti niliyopewa ilikuwa ya mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, Shibboleth. Unaingia mara moja, unatambulikana kila mahali. Jina hilo linatoka kwenye kitabu cha Waamuzi katika Biblia. Watu wa Gileadi waliviteka vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja. Waefraimu hawakuweza kulitamka "sh" lake, wakajulikana kwa ulimi, wakauawa. Sisi tuliozaliwa huku tunamjua sana mlinzi wa aina hiyo. Nani hajawahi kwenda Pemba likizo, akasema neno moja dukani, muuza duka akatabasamu na bei ikapanda? Mie hunikamata kwenye "ng'", nikiharakisha inageuka.

Sasa, mfumo ule umetengenezwa kwa ajili ya brauza. Unapobisha hodi bila ya kutambulika haukufukuzi, unakupeleka kwenye ukurasa wa kuingia, wenye nembo na mahali pa kuandika jina. Brauza ikiuona ukurasa huo inakuonyesha, nawe unaandika. QGIS ilikuwa inangoja orodha ya ramani, ikaletewa ukurasa wenye nembo. Haikujua kwamba hilo ni swali. Ikajaribu kuusoma kama orodha, ikashindwa, ikalalamika. Kama seva ingejibu 401, yaani "sijakutambua", programu ingejua la kufanya. Ilijibu 200, "mambo mazuri", na ndani ya bahasha kuna fomu. Nilipoteza siku nne kwa adabu hiyo.

Nikaandika barua pepe. Baada ya siku tisa mkutubi mmoja akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba si mimi wa kwanza, na amenifungulia jina na neno la siri la pembeni, la programu tu, la njia ile ile ya mwaka 1996, ila sasa ndani ya bomba lililofungwa.

Nikafungua MetaSearch. Hiki ni kidirisha cha kutafutia katalogi kilichomo ndani ya QGIS tangu toleo la 2.4, mwaka 2014. Nikaweka jina na neno la siri, nikachora mraba juu ya Pemba, nikabonyeza. Shiti kumi na nne! Nikapiga kelele, watoto wakashuka ngazi kuja kuangalia. Nikaichagua yetu, nikabonyeza kuiongeza kwenye ramani. 401.

Unaona? Mlango wa kwanza ulinijua, wa pili haunijui. Kidirisha kile kinapotafuta kinatumia njia yake ya kwenda mtandaoni, kwa maktaba ya Python iitwayo OWSLib. QGIS inapochukua picha inatumia njia yake yenyewe. Nilichomwambia mlinzi wa mlango wa kwanza hakikumfikia wa pili. Ilibidi niende kwenye orodha ya miunganisho ya WMS, niutafute ule uliojiunda wenyewe, niuhariri, nirudie jina na neno la siri pale pale kwenye visanduku vilivyo mbele yangu. Nikafanya hivyo, na shiti ikashuka, rangi ya chai ya maziwa, na jina la mtaa wetu limeandikwa kwa herufi za mlalo.

Kisima kilikuwepo. Kiduara kidogo na herufi W.

Hapa ndipo ningetakiwa nimpigie Baba. Badala yake, kwa furaha, nikahifadhi mradi mzima na kumtumia binamu yangu aliyeko Muscat, maana yeye ni mhandisi na nilitaka kujisifu. Binamu akaona zuri, akalitupa faili kwenye grupu la ukoo la WhatsApp: Muscat, Wete, Dubai, Toronto, sisi wa huku. Watu mia na kitu. Siku mbili baadaye akaunti yangu imefungwa, na barua pepe ya mkutubi safari hii haina upole. Kuna mtu Toronto, mjuzi wa kompyuta, alilifungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi, na jina langu na neno langu la siri vilikuwemo, vimeandikwa kama jina la mtu kwenye daftari la harusi. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka shiti ya upande wa mkewe. Akaanza kuzishusha zote.

Kosa ni langu, na lina historia yake pia. QGIS aliianzisha Gary Sherman mwaka 2002, yuko Alaska, anataka tu programu ya kutazamia data zake kwenye Linux. Programu ya mtu mmoja nyumbani haina haja ya sanduku la chuma. Ikakua, toleo la 1.0 likatoka 2009, ikaingia maofisini na serikalini, na tabia ile ya nyumbani ikabaki: ukiandika neno la siri kwenye visanduku vile vya kawaida, linakwenda pamoja na tabaka popote tabaka linapokwenda. Mpaka toleo la 2.12, Oktoba 2015, ndipo likaja sanduku lenyewe. Maneno ya siri yote yanawekwa kwenye faili moja iliyofumbwa, inayofunguliwa kwa neno kuu moja unalolijua wewe tu, na kila akaunti inapewa alama ya herufi na tarakimu saba. Kwenye mradi inaandikwa ile alama tu. Ukimtumia mtu mradi, anapata alama isiyofungua kitu chochote kwake. Visanduku vya zamani havikuondolewa, viko kwenye dirisha hilo hilo, ila huandikiwa onyo. Onyo nililiona. Ofisini kwetu nawafundisha wengine habari ya sanduku hilo! Lakini ilikuwa saa saba usiku, na ramani ya kiambo ilikuwa inashuka.

Niliandika barua ndefu ya kuomba radhi. Sikumtaja wa Toronto wala binamu, nilisema nimefanya uzembe. Nikaeleza na habari ya kaburi, si kwa kutafuta huruma, nadhani, au labda ndiyo. Wakanifungulia upya baada ya wiki moja, kwa sharti kwamba nitumie sanduku na nisigawe mradi. Kuna njia mpya sasa, ambazo unapewa tokeni ya muda mfupi na neno la siri halitoki mkononi mwako, na viwango vipya vya OGC vilivyoanza kutoka mwaka 2019 vinairuhusu seva ieleze yenyewe inataka utambulishwe vipi. Taasisi ile haijafika huko. Na neno kuu la sanduku nimeliandika kwenye karatasi na kuiweka ndani ya msahafu wa juu kabatini, kwa sababu ukilisahau hakuna wa kukurudishia, unafuta sanduku zima na kuanza upya.

Nikamwita Baba nyumbani. Nikamwekea kiti. Nikaiweka shiti ya zamani juu ya picha ya droni, na kisima kikaangukia kwenye paa la msikiti mpya. Baba akanitazama. Nikamwambia subiri. Ramani za zamani za kwetu zimepimwa kwa umbo la dunia linaloitwa Arc 1960, ambalo ni matunda ya mlolongo wa vipimo ulioshuka Afrika nzima kwenye meridiani ya 30, kazi ile ile iliyomtembeza Hotine Tanganyika. Picha za droni zinafuata hesabu za setelaiti. Tofauti baina ya hizo mbili kwetu ni kama mita mia tatu, na shiti ilikuwa imeingia bila ya kujitambulisha ni ya hesabu gani. Nikachagua namba 21037, Arc 1960 ya ukanda wetu. Shiti ikaruka, msikiti ukaachwa, kisima kikaingia chini ya miembe.

Baba hakusema kitu kwa muda. Akaweka kidole kwenye skrini, akakipandisha juu kidogo, kaskazini, akakiacha pale.

"Njia ilikuwa inapita hapa," akasema. "Hapa tulikuwa tunafungia ng'ombe."

Nilimsomea Ami namba za mahali kwa simu, tarakimu moja moja, akaziandika, akanisomea tena. Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu kwa saa za Pemba, ikaja sauti kwenye WhatsApp. Unasikia panga likikata, unasikia pumzi ya mzee wa miaka sabini na mbili. Anasema miembe aliyoijua yeye haipo, hii ni mengine. Anasema pana nyoka, vijana wasogee. Kisha kimya kirefu, na jiwe linadondoka, na baada ya muda maji.